Uzamili wa muziki unaounganisha kupiga na kufundisha: mwongozo kwa mwanamuziki wa Tabora

Ukiishi Tabora na muziki ndio kazi yako, bila shaka unafanya kazi mbili kwa mpigo. Jumapili unapiga kinanda au tarumbeta kanisani, Jumamosi uko ukumbini kwenye harusi, na katikati ya wiki kuna wanakwaya, watoto wa jirani au wanafunzi wa sekondari wanaokusubiri uwafundishe. Ziko shahada za uzamili zilizotengenezwa kwa mtu wa namna hii hasa. Upande mmoja unapiga ala yako mpaka ufike kiwango cha kusimama jukwaani peke yako, upande wa pili unajifunza kumfundisha mtu mwingine ala hiyo hiyo.

Maombi mengi ambayo vijana huniletea niyapitie kabla ya kuyatuma yana kasoro moja. Video za kupiga zipo, tena nzuri. Kuhusu kufundisha wameandika sentensi moja: nimefundisha kwaya kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo nafasi inapopotea, maana kwenye kozi hizi kufundisha ni nusu ya mtihani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuikusanya hiyo nusu ya pili ukiwa hapa hapa Isevya, Ng'ambo, Kiloleni au Kipalapala, na simu ya kawaida mkononi na kipato cha kuungaunga. Aliye Kigoma ataufuata vile vile. Jipe muda: mwaka mmoja na nusu kabla ya masomo kuanza si mwingi.

Hatua ya kwanza: ijue kozi unayoitafuta

Majina ya kozi hizi hutofautiana, na ukitafuta neno "muziki" peke yake utazama kwenye matokeo yasiyokuhusu. Kwenye tovuti za vyuo andika "performance and pedagogy" au "instrumental teaching". Ndiyo maneno vyuo vyenyewe vinayotumia.

Uingereza shahada ya uzamili ya kusoma darasani huchukua mwaka mmoja na ina krediti 180. Ukiishia krediti 60 unapata cheti cha uzamili, ukiishia 120 unapata stashahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha York kina uzamili wa ufundishaji wa ala na sauti, na huo huegemea zaidi ufundishaji. Vile vyuo maalumu vya muziki, vinavyoitwa konsavatori, huegemea upigaji, na vingi kozi yake ya uzamili ni miaka miwili. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja na miwili itakurudia kwenye suala la pesa, iweke akilini.

Marekani kozi ni miaka miwili. Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder kina uzamili wa upigaji na ufundishaji kwa pamoja, na Chuo Kikuu cha Oklahoma kinafahamika kwa upande wa piano. Ulaya bara nako miaka miwili ndiyo kawaida, yenye krediti 120 za mfumo wao. Hungaria kuna Taasisi ya Kodály katika mji wa Kecskemét, iliyoanzishwa 1975 na sasa iko chini ya Chuo cha Liszt cha Budapest. Nitairudia, kwa sababu mwalimu wa kwaya wa Tabora ana ukaribu nayo kuliko anavyodhani.

Karibu na nyumbani, Makerere na Kenyatta wanatoa uzamili wa muziki, na Cape Town kuna chuo cha muziki kilichoanza 1910 ambacho sasa ni sehemu ya chuo kikuu cha mji huo. Makerere na Kenyatta huegemea zaidi utafiti, hivyo uliza mapema utapata saa ngapi za kukaa na mwalimu wa ala yako, wewe na yeye peke yenu. Jibu la swali hilo moja litakuambia mengi kuhusu kozi kuliko kipeperushi kizima.

Kwenye kozi nyingi za kuunganisha kupiga na kufundisha, tarajia mambo haya: somo la ala la mtu mmoja kila wiki, onyesho la mwisho la dakika 45 hadi 60 mbele ya watahini, kufundisha wanafunzi halisi huku mwalimu wako amekaa pembeni akikuangalia, daftari la tafakuri la kila somo ulilofundisha, na andiko la utafiti au la mradi.

Hatua ya pili: angalia unaanzia wapi

Mwenye shahada ya kwanza ya muziki, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Makumira kule Usa River, yuko mlangoni. Vyuo vingi vya nje hutaka daraja la pili la juu, yaani GPA ya 3.5 na kuendelea kwa mfumo wetu.

Mwenye shahada ya kitu kingine, tuseme ualimu aliousomea pale AMUCTA, lakini ala anaipiga vizuri, asikate tamaa. Kinachomkosesha ni karatasi inayoonyesha kiwango chake cha kupiga. Bodi za mitihani za ABRSM na Trinity za London hutoa madaraja 1 hadi 8 na diploma zinazofuata, na mitihani mingi siku hizi hufanywa kwa video. Kwa Trinity, diploma ya LTCL iko ngazi ya 6 ya mfumo wa Uingereza, sawa na mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na ipo ya upigaji na ipo ya ufundishaji. Kwa ABRSM usisahau kwamba daraja la 6, 7 na 8 la mtihani wa vitendo hudai kwanza daraja la 5 la nadharia. Wengi hukumbana na sharti hili wakiwa wameshalipia.

Mwenye stashahada ya TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au ya chuo cha muziki cha Zanzibar amalize kwanza shahada ya kwanza. Na mwenye shahada ya muziki ambaye hakusomea ualimu, Chuo Kikuu Huria kina Stashahada ya Uzamili ya Elimu na kina kituo hapa Tabora. Haitakufundisha kumshika mtoto mkono juu ya kinanda, ila itakufungulia milango ya shule.

Hatua ya tatu: toa kidole kwenye transposi

Hili nalisema kwa wapiga kinanda wa makanisani, ambao ndio wengi wetu. Umezoea kupiga kila wimbo kwenye ufunguo mmoja na kubonyeza kitufe cha transposi mwimbishaji akitaka sauti ipande au ishuke. Kwaya inaimba vizuri, waumini wanafurahi. Lakini mbele ya watahini kuna piano ya mbao na nyuzi, isiyo na kitufe hicho wala ridhimu ya kukubeba. Kinanda chako kina vibao 61 vyepesi, piano ina 88 vizito, na vidole visivyouzoea uzito huo huchoka kabla ukurasa wa pili haujaisha.

Anza na skeli, funguo zote 12, mikono yote miwili, kwa mwendo wa polepole kiasi cha kuona aibu. Wiki mbili kwa kila ufunguo zinatosha. Kisha nenda na nyimbo zile zile za Jumapili, uzipige kwenye ufunguo wake halisi bila kitufe. Ibada yenyewe itakuwa zoezi lako na hutahitaji muda wa ziada.

Piano ya kweli itafute mapema. Uliza parokiani, uliza usharika, uliza shule kongwe za mjini na nyumba za watawa. Ukiambiwa ipo lakini imeharibika, nenda ukaione hivyo hivyo, maana mara nyingi imepoteza tyuni tu. Kiangazi chetu, kuanzia Juni mpaka Oktoba, hewa ni kavu sana. Mbao za piano hunywea, vigingi vinavyoshika nyuzi hulegea, sauti hushuka. Weka programu ya kupima sauti kwenye simu, piga nota ya A ya katikati na uone iko mbali kiasi gani na hezi 440, kipimo cha kawaida cha nota hiyo. Ikiwa imeshuka kidogo na nyuzi zote zimeshuka pamoja, inafaa kwa mazoezi. Kwa kurekodi haifai, hapo tafuta fundi au tumia kinanda cha dijitali chenye vibao 88 vya uzito.

Mpiga gitaa ajue kwamba gitaa la kozi hizi kwa kawaida ni la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa kucha na vidole bila kipande cha plastiki. Mpiga tarumbeta, hasa aliyelelewa kwenye kundi la Moravian, tayari anajua kupiga katika sauti nne na kusikilizana na wenzake. Anachokosa mara nyingi ni kupiga peke yake akisindikizwa na piano. Tafuta mpiga kinanda mmoja mtakayefanya naye mazoezi ya kudumu.

Hatua ya nne: solfa yako ni mtaji

Kwaya zetu husoma d, r, m, f, s, l, t. Kuna wanaoionea haya solfa wakidhani ni elimu ya kijijini na kwamba huko nje wataonekana hawajui kusoma. Solfa hii ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Aliyeanza kuijenga ni mwalimu mwanamke, Sarah Glover, na aliyeisambaza ni John Curwen, ambaye pia alizipa nota ishara za mikono. Wamisionari wakaileta huku. Baadaye kule Hungaria Zoltán Kodály na wanafunzi wake waliichukua solfa hiyo hiyo pamoja na ishara za mikono, wakajenga juu yake njia ya kufundisha muziki mashuleni ambayo leo inafundishwa vyuo vikuu. Mwanakwaya wa Tabora anayejua kwamba "do" huhama kila ufunguo unapohama, na anayesikia umbali kati ya "mi" na "fa" bila kuambiwa, ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa konsavatori hulitafuta wakiwa watu wazima.

Kwa hiyo usiiache, ijengee daraja la kwenda kwenye mistari mitano, yaani stafu. Chukua wimbo mmoja wa kwaya wenye sauti nne ulioandikwa kwa solfa, uandike upya kwa stafu, sauti moja moja. Sauti ya kwanza leo, ya nne kesho, kisha zile za kati. Fanya hivyo kwa wimbo mmoja kila wiki. Baada ya miezi michache utaona stafu inasomeka kichwani kwa sauti ya solfa. Zitunze karatasi hizo, ni sehemu ya faili lako la kufundishia na utaziambatisha ukiombwa mifano ya zana ulizotengeneza mwenyewe.

Soma pia kuhusu njia nyingine mbili kabla ya usaili. Émile Jaques-Dalcroze wa Uswisi alifundisha mapigo kwa mwili mzima, mwanafunzi akitembea na kuruka kabla ya kushika ala. Shinichi Suzuki wa Japani alifundisha watoto kwa kusikia kwanza na kusoma baadaye, mzazi akiwa amekaa chumbani. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kinyamwezi, anayeyapokea mapigo miguuni kabla hajayahesabu, anayo la kusema juu ya njia zote mbili. Liseme kwa mifano ya watoto unaowafundisha.

Hatua ya tano: faili la kufundisha

Chagua wanafunzi watatu. Mmoja anayeanza kabisa, mmoja wa kati, na mmoja anayekusumbua. Wa tatu usimwache kwa kuogopa kuonekana umeshindwa, kwa sababu watahini wanataka kuona unafikiri vipi unapokwama. Kama ni watoto, nenda nyumbani ukaongee na wazazi. Waeleze unarekodi kwa ajili gani, nani ataona, na waandike kwa mkono wao kwamba wamekubali. Jina la mtoto na shule yake visionekane popote.

Rekodi somo moja kwa kila mwanafunzi kila mwezi, dakika kumi hadi kumi na tano, bila kukata. Simu iwekwe ubavuni, usawa wa vibao, mbali kiasi cha hatua mbili, ikiwa imelazwa kwa upana. Ukiirekodi kutoka nyuma utaonyesha migongo miwili na hakuna atakayeona mkono.

Sasa, ndani ya hizo dakika nini kionekane? Nitoe mfano wa kitu kidogo. Binti wa kidato cha pili anapiga skeli ya C kwa mkono wa kulia. Do, re, mi zinatoka laini, halafu fa inagonga kama mlango uliosukumwa. Kila akirudia, fa inagonga. Mwalimu aliyechoka atasema "rudia" mara kumi, na fa itagonga mara kumi. Mwalimu anayetazama mkono ataona kwamba kidole gumba kinachelewa: kinasubiri mi ilie ndipo kianze safari ya kupita chini ya vidole, na kwa haraka hiyo kiwiko kinainuka na mkono wote unaangukia fa. Kumbe tatizo limeanza kwenye re.

Kwa hiyo mwalimu anamsimamisha. "Mama, usipige fa. Piga re, halafu gumba lianze kutembea. Liweke juu ya fa, lipumzike tu." Binti anafanya hivyo kimya, mara tatu nne, bila sauti ya fa kutoka. Kiwiko kimetulia. Kisha anaruhusiwa kupiga fa kwa sauti ndogo kuliko mi. Inatoka. Anatabasamu, "Nimeipata, mwalimu!" Na hapa mwalimu mzuri hakimbilii kusifu. Anauliza, "Umesikia nini tofauti?" Binti anafikiri, anajibu, "Sikusikia gumba." Jibu hilo likinaswa kwenye video yako lina thamani kubwa, kwa sababu linaonyesha mwanafunzi ameanza kujisikiliza mwenyewe na wiki nzima nyumbani atakuwa mwalimu wake mwenyewe.

Fundisha kwa Kiswahili kama siku zote, kisha weka maandishi ya Kiingereza chini ya video. Nimeona watu wakijilazimisha kufundisha watoto wa Cheyo kwa Kiingereza kwa ajili ya kamera, na mtoto anabaki kukodoa macho. Somo linakufa, na anayetazama anaona limekufa hata kama haelewi neno.

Sambamba na video weka daftari. Kwa kila somo andika mistari michache: nilipanga nini, nini kilitokea, wiki ijayo nabadilisha nini. Usiandike "somo lilikwenda vizuri". Andika "amecheza mapigo matatu kwa mguu lakini mkononi yanageuka manne, nadhani anaongeza pumziko mwisho wa mstari". Ukurasa mwingine wa daftari uwe wa saa: tarehe, muda, kwaya au mwanafunzi, umelipwa au umejitolea. Umuhimu wa ukurasa huo utauona kwenye hatua ya pesa.

Hatua ya sita: kurekodi upigaji wako

Vyuo huomba vipande vitatu vya enzi na tabia tofauti, kwa kawaida dakika 15 hadi 20 kwa jumla: kimoja cha kibaroki, kimoja cha kiklasiki, na kimoja cha karne ya 19 au ya 20. Chagua unavyovimudu kabisa. Kipande cha wastani kilichopigwa kwa utulivu na sauti nzuri kinakishinda kigumu kinachokimbiza pumzi ya mpigaji.

Msimu ni muhimu. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba, na chini ya bati hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Rekodi kati ya Julai na Septemba, alfajiri kabla bajaji hazijaanza. Hiyo inaendana na kalenda za vyuo: maombi ya konsavatori za Uingereza yanayopitia mfumo wao wa pamoja wa UCAS hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, na vyuo vingi vya Marekani hutaka video za mchujo kufikia tarehe 1 Desemba. Kila kipande kirekodiwe kwa mkupuo mmoja bila kuunganisha, mikono na uso vikionekana. Chaji simu usiku, umeme usikutegee. Video ipandishe YouTube kama isiyoorodheshwa, utume kiungo peke yake.

Hatua ya saba: pesa

Udhamini wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia ada, nauli na posho ya kuishi kwa uzamili wa mwaka mmoja. Ndiyo maana nilikuambia uweke akilini ile tofauti: konsavatori ya miaka miwili haiingii, kozi ya mwaka mmoja kama ya York inaingia. Maombi kwa kawaida ni Agosti hadi Oktoba, unachagua kozi tatu, na unaahidi kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Sharti linalowatisha wengi ni uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Lakini kazi ya muda na ya kujitolea huhesabiwa, na ukiwa na ule ukurasa wa saa, wenye kwaya, harusi, masomo ya nyumbani na vipindi vya shule, utashangaa umefika wapi. Ambaye hakuandika hubaki kukisia.

Udhamini wa Jumuiya ya Madola, ulioanza 1959, nao uko wazi kwa Watanzania. Wao hutaka kusikia kozi yako itaendeleza nini nchini. Mwanamuziki asijione hana la kusema. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari na umeupa muziki nafasi yake, na walimu wa kuufundisha kwa vitendo hawatoshi. Jenga hoja yako hapo, kwa shule unazozijua kwa macho yako.

Marekani njia ni tofauti. Idara za muziki huwaajiri wanafunzi wa uzamili kama wasaidizi wa kufundisha: unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza saa kadhaa kwa wiki, chuo kinakupunguzia au kukufutia ada na kukupa posho. Nafasi hizi hugawiwa na watu wale wale wanaotazama video zako, na hapo faili la kufundisha hufanya kazi mara mbili. Mwandikie profesa wa ala yako mapema, barua fupi, kiungo kimoja cha kupiga na kimoja cha kufundisha, umuulize waziwazi kama kuna nafasi ya usaidizi mwaka ujao.

Wakala akikuomba pesa ili "akuhakikishie" udhamini, mkimbie. Kuomba Chevening ni bure.

Hatua ya nane: barua na wadhamini

Barua isianze na "napenda muziki tangu utotoni". Anza na tatizo la ufundishaji ulilolikuta na bado hujalimaliza. Kwa mfano: wanakwaya wangu ishirini wanasoma solfa vizuri, wakipewa stafu wanakaa kimya, nimejaribu hivi, imesaidia kiasi hiki, nahitaji kujua zaidi kuhusu hili. Aya moja iseme unatoka wapi kimuziki. Tabora ni mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, mji wa kwaya za Kikatoliki na matarumbeta ya Moravian. Mtu anayesoma barua akiwa Leeds au Denver hajui hilo, mwambie kwa sentensi mbili, kisha umwambie wewe umechukua nini kutoka humo.

Wadhamini wawili watakaokuandikia barua wasifanane. Mmoja awe aliyekusikia ukipiga na anayeweza kupima kiwango, kama mwalimu wako wa chuo. Mwingine awe amekuona ukifundisha: mkuu wa shule, paroko, mchungaji. Nenda kwake na shikamoo yako, na kabla ya kumwomba barua mwalike aje akae kwenye kipindi kizima. Mkuu wa shule aliyekaa dakika 40 nyuma ya darasa ataandika alichokiona, na barua ya namna hiyo hutofautiana sana na ile ya "namfahamu kijana huyu kwa tabia njema".

Hatua ya tisa: karatasi

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kisha pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS fanya Dar es Salaam, matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, nayo iko Dar, na cheti hudumu miezi sita. Anayejilipia ahakikishe pesa zimekaa benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Panga safari za Dar ziwe chache, mambo mawili matatu kwa safari moja, kwa sababu nauli ya basi au treni na malazi huila bajeti kimyakimya.

Kabla hujaondoka wakabidhi wanafunzi wako kwa mtu, pamoja na daftari lao. Chagua mwenye subira kuliko mwenye vidole vyepesi.

Hatua ya kumi: wakati wa kurudi

Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndipo uitumie kwenye ajira za hapa. Watataka cheti, matokeo ya kila somo na vyeti vyako vya awali. Kozi zenye onyesho la jukwaani na mazoezi ya kufundisha hazifanani na shahada walizozizoea wengi, hivyo kabla hujaaga chuo omba ofisi ya usajili ikupe maelezo rasmi ya kila somo, saa zake, na namna lilivyotahiniwa, yakiwa na muhuri. Omba na nakala ya ripoti za masomo uliyofundisha ukiangaliwa, maana waajiri wa shule binafsi huziulizia. Ukiwa umesharudi Tabora, barua pepe za kuzifuatilia hukaa miezi bila kujibiwa.